Nyani na Hodi ya Maji

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu walioshiba maharage. Nataka sauti ifike mpaka kwa jirani, aone wivu kwamba leo hakualikwa. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Ila kabla sijaanza niwaambie jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa msichana mdogo, kandambili yangu ya kushoto ilidondoka bwawani. Ilikuwa mpya, ya bluu. Ikaelea pale, hatua sita tu kutoka niliposimama. Nikaokota jiwe, nikalirusha, chubwi, nikitaka mawimbi yaniletee kandambili yangu. Mawimbi yakaja, yakanilamba miguu. Kandambili ikapanda, ikashuka, ikabaki pale pale. Nikarusha mawe mpaka bega likauma. Mnataka kujua mwisho wake? Tulieni, tutafika.

Basi, hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na sheria zao na wakizifuata, palikuwa na bwawa moja refu. Lilikuwa limepinda katikati kama kiwiko cha mkono. Upande huu wa kiwiko palikuwa na matete na ufuo wa matope, na hapo waliishi akina Chura, akina Bata, akina Ngiri, na ndege wa kila namna. Upande wa pili, nyuma ya mwamba, maji yalikuwa na kina kirefu, meusi. Huko alilala Bwana Kiboko.

Bwana Kiboko alikuwa na nguvu kuliko wote wakijumlishwa pamoja. Alikuwa pia na hasira za asubuhi. Akilala, alizama mpaka chini, akafunga masikio, akafunga pua, yakabaki masharubu tu ya kuhisi maji. Ungepiga kelele mpaka koo likauke, asingesikia.

Lakini bwawa lile lilikuwa na desturi. Hakuna aliyeingia majini bila hodi. Sisi huku tunabisha mlango. Wao hawakuwa na mlango, basi walibisha maji. Ukifika ukingoni unapiga maji kwa mguu, au kwa mkono, au kwa mkia, chochote ulichojaliwa. Viwimbi vinaondoka, duara nyuma ya duara, vinatanuka, vinatanuka, mpaka vimguse kila aliyemo majini.

Mapigo ya polepole, pwa... pwa... pwa... maana yake ni amani: nipo, njoo taratibu tuonane. Mapigo ya haraka, pwa-pwa-pwa-pwa, maana yake ni hatari: njoo mbio. Hata Kiboko huko chini alielewa. Viwimbi vikigusa masharubu yake kwa kuachana, alijua ni amani, akaja kwa kutembea. Vikija vimebanana, alijua kuna balaa, na hapo, jamani, alitoka kama jabali linaloporomoka. Bwawa zima lilinyanyuka, na waliokuwa ukingoni walijikuta juu ya miti.

Sasa mwaka mmoja akahamia Nyani. Alitoka milimani, huko ambako maji ni ya kunywa tu. Hakuwa mbaya, Nyani. Alikuwa na moyo mzuri na mdomo mkubwa, na mdomo ndio uliokuwa ukitangulia. Siku ya kwanza alipoona hodi, alishangaa. Unapiga maji huku, mtu wa kule anajua! Akakaa, akajikuna, akatangaza kwamba ameelewa: maji ukiyapiga yanasafiri. Yanaondoka hapa, yanafika kule. Na kama yanasafiri, yanaweza kubeba mzigo.

Akina Ngiri wakatazamana. Walikuwa wamebisha hodi tangu wazaliwe, na baba zao kabla yao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza hodi inafikaje. Ilikuwa inafika tu. Wakaona aibu kumuuliza mgeni, wakatikisa vichwa, wakasema kweli yanasafiri. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

Nyani alikuwa na mchumba ng'ambo, kwenye ukingo unaotazamana na matete. Akachuma pera moja, limeiva, linanukia, akaliweka majini apelekewe mama mkwe. Akaanza kupiga maji nyuma ya pera. Chubwi, chubwi, chubwi. Viwimbi vikaenda. Pera likapanda, likashuka, likapanda, likashuka, kama mzee anayesinzia kikaoni. Ng'ambo mama mkwe akaona maji yanatikisika, akatoka, akajifunga kanga vizuri, akatazama. Hakuna pera. Akarudi ndani amenuna. Nyani akaenda kula chakula chake, na huku nyuma Kambare akainuka, akalimeza pera lote na mbegu zake. Nyani alipoulizwa, alisema pera limefika, ila mama mkwe hataki kusema asije akaombwa kipande.

Unacheka? Ngoja.

Siku nyingine akadai kwamba yeye mwenye mikono mikubwa, hodi yake inawahi kufika kuliko ya Shangazi Chura. Shangazi Chura, mama wa watu, mpole lakini haonewi, akamwambia wapige pamoja. Korongo alisimama majini ng'ambo awe mwamuzi. Wakapiga. Chura kwa kidole kimoja, ti. Nyani kwa viganja viwili, pwaa. Viwimbi vikaondoka. Vya Nyani vilikuwa virefu, vinene, vya kujivuna. Vya Chura vilikuwa vidogo hata huvioni vizuri. Vikaenda sambamba, sambamba, mpaka ng'ambo. Korongo akasema vimefika wakati mmoja. Vya Nyani vimemlowesha magoti na vya Chura vimemtekenya kidole, lakini wakati ni ule ule. Nyani akasema Korongo amehongwa.

Basi ndivyo alivyokuwa. Na kwa kuwa hakuna aliyeumia, watu walicheka, wakaendelea na maisha yao.

Kisha ikaja ile mvua.

Ilinyesha usiku kucha. Kulipokucha, jua likatoka safi, na ndipo wote wakaona. Kiota cha Mama Bata kilikuwa kimeng'oka kwenye matete. Kimesukumwa na mafuriko mpaka katikati ya bwawa, kikanasa kwenye kisiki kilichozama. Juu yake alikuwa Mama Bata mwenyewe, na chini ya Mama Bata mayai sita. Na si mayai ya jana. Yalikuwa mayai ya kutotolewa siku hiyo hiyo. Ndani vifaranga walikuwa wameanza kugonga ganda, ti, ti, ti.

Kiota cha nyasi kikikaa majini kinakunywa maji. Kilikuwa kinakunywa. Kila ukitazama, kimeshuka kidogo. Mama Bata alikuwa amejaribu kukisukuma kwa kifua, kikagoma, maana kisiki kilikuwa kimekishika kwa chini. Akiondoka sana, mayai yanapoa. Akikaa, kiota kinazama. Kabla jua halijafika utosini, mayai sita yangekuwa chini ya bwawa.

Alikuwa na akili yake timamu, Mama Bata. Aliwaita wenzake, akawaomba kitu kimoja tu: wambishie Kiboko, maana yeye akipiga maji pale mayai yataviringika. Lakini wambishie polepole, tafadhali, hodi ya amani. Akija mbio, wimbi lake litapindua kiota kabla hajafika.

Kumwamsha Kiboko asubuhi? Ngiri akatazama kwato zake. Korongo akakumbuka ana shughuli. Na hapo Nyani akasogea mbele, akapiga kifua. Akasema ya nini kumsumbua mzee wa watu na hasira zake? Kiota kinaelea, maji yanasafiri. Sote tusimame kule nyuma ya kiota, tupige maji kwa nguvu, mawimbi yatakileta ufuoni chenyewe.

Wote wakashusha pumzi. Hiyo ilikuwa habari nzuri, maana ilimaanisha hakuna wa kumwamsha Kiboko. Mtu akiwa na hofu, jibu rahisi ni tamu kama embe. Wakazunguka mbio mpaka ng'ambo, wakajipanga, wakaanza.

Chubwi! Chubwi! Pwa! Pwaa! Ngiri kwa kwato. Korongo kwa mabawa. Nyani kwa mikono miwili. Mawimbi yakaondoka makubwa, yakafika kwenye kiota. Kiota kikapanda. Kikashuka. Kikapanda. Kikashuka. Hakikusogea hata upana wa kidole.

Nyani akapaza sauti kwamba bado hawajapiga sawasawa, waongeze. Wakaongeza. Wengine, Nyani akiwa mbele yao, wakarudi upande huu wa matete wakapige na huku, hata sijui kwa nini, nadhani walitaka tu waonekane wanafanya kitu. Mawimbi ya kule yakaja, mawimbi ya huku yakaenda. Yaliyogonga mwamba nayo yakarudi. Yakakutana katikati. Mgongo wa wimbi ukipanda juu ya mgongo wa mwenzake, maji yalisimama mara mbili, yakamwinua Mama Bata juu, juu, kisha yakamwangusha. Mahali pengine mgongo ulikutana na bonde, vikamezana, maji yakatulia kama hakuna kitu. Laiti kiota kingekuwa pale. Hakikuwa pale.

Maji yakaanza kuingia kiotani. Yai moja likaviringika mpaka ukingoni. Mama Bata akalikamata kwa bawa, akalirudisha kifuani. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, na kila mtu alimsikia.

"Nyani, unaniulia wanangu."

Mikono ya Nyani ikakwama hewani.

Shangazi Chura, aliyebaki kwenye matete, alikuwa akijaribu kumbishia Kiboko tangu mwanzo. Ti... ti... ti... Lakini viwimbi vyake vilipotelea humo humo kwenye vurugu, kama mtu anayesalimia kwenye ngoma.

Sasa kwenye matete yale alikuwapo mkazi mmoja ambaye sijamtaja, kwa sababu hata majirani walimsahau. Alikuwa Bi Buibui. Mjane, mfumaji, mwenye ulimi wa kuchoma. Utando wake ulikuwa kati ya matete mawili, na zile kelele zilikuwa zimeutikisa mpaka nyuzi tatu zikakatika. Alishuka kwa uzi wake mmoja, akaning'inia mbele ya pua ya Nyani.

"Nikuulize, mwanangu," akasema. "Nzi akinasa kule pembeni ya utando wangu, mimi niko katikati. Najuaje?"

Nyani akasema uzi unatikisika.

"Mtikisiko unanifikia?"

"Unakufikia, Bi."

"Na nzi? Nzi anakuja nao?"

Nyani akautazama utando kwanza, kabla ya kusema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ahamie pale.

"Haji," akasema Bi Buibui. "Anabaki kule kule, anapanda na kushuka. Ingekuwa anakuja, miguu hii minane ningekuwa nayo ya nini? Ningelala tu nikafumbua kinywa. Mtikisiko unaniletea habari. Nyama naifuata kwa miguu yangu. Tazama lile jani."

Wote wakatazama. Palikuwa na jani kavu juu ya maji. Wimbi likapita chini yake, jani likapanda, likashuka, na wimbi likaenda zake likaliacha jani palepale. Likaja jingine, hivyo hivyo. Maji yenyewe hayakuwa yanakwenda popote. Yalikuwa yanainuka na kukaa, kila tone mahali pake, na kulisukuma tone la jirani liinuke nalo. Kilichokuwa kinasafiri ni ule msukumo tu. Ngiri akasema polepole kwamba kumbe pera halikufika.

Bi Buibui akasema jambo la kwanza ni kuacha. Kila mtu atoe mikono majini. Na hili, wajukuu zangu, lilikuwa gumu kuliko kupiga. Kumtazama mwenzako anazama, na wewe umekunja mikono! Lakini waliacha. Mawimbi yakagonga ukingo, yakarudi madogo zaidi, yakagonga tena, yakachoka. Kiota kikashuka kidogo. Kikashuka kidogo tena. Maji yakawa bapa.

Chura akabisha. Ti... ti... ti... Viwimbi vikaenda, vikatanuka, vikapungua, vikapungua, na kabla ya kufika kwenye mwamba vilikuwa vimeisha. Kiboko alikuwa mbali, na mkono wa Chura ni mdogo.

Bi Buibui akageuka, akaitazama mikono ya Nyani. Mikono mikubwa kama sinia. Kila mtu akaitazama.

Nyani akarudi nyuma. Akasema yeye asiguse maji tena, amekwisha kuharibu vya kutosha. Mama Bata akamwita kutoka pale alipokuwa, maji yakiwa yamefika kwenye manyoya ya tumbo lake. Akamwambia kwamba hana wa kumchagua, mwenye mkono wa kufika kule ni yeye. "Ila polepole, baba. Nakuomba. Polepole."

Nyani akapiga magoti kwenye matope. Moyo wake ulikuwa unakwenda ti-ti-ti-ti, na mkono ulitaka kufuata moyo. Kama angepiga hivyo, Kiboko angesoma hatari. Angetoka mbio, na habari ya mayai ingeishia hapo. Bi Buibui akapanda begani kwake, akasema asisikilize moyo wake, asikilize pumzi. Avute, atoe, apige.

Akavuta. Akatoa. Pwaaa.

Wimbi likaondoka, kubwa, pana, laini.

Akavuta. Akatoa. Pwaaa.

La pili likafuata, mbali kabisa na la kwanza.

Pwaaa. Na la nne, pwaaa. Bi Buibui akasema basi, inatosha, toa mkono.

Yakaenda manne, yameachana kwa nafasi. Yakapita chini ya kiota, kiota kikapanda taratibu mara nne, kikashuka taratibu mara nne. Yakafika kwenye mwamba. Na mawimbi yana tabia hii, yakifika kwenye kona hayasimami kama sisi tukakuna kichwa. Yanapinda. Yakaizunguka kona ya mwamba, yakaingia upande wa giza, yakapotea machoni.

Wakangoja.

Hakuna kitu.

Kiota kikashuka. Sasa ulikuwa unamwona Mama Bata shingo na mgongo tu. Mkono wa Nyani ukapanda wenyewe, ukitaka kupiga, kupiga, kupiga bila kuhesabu. Akautazama. Akaushusha, akaukalia. Naam, aliukalia mkono wake mwenyewe, na machozi yakimtoka, na hakuona haya.

Ndipo wimbi moja likatokea kwenye kona ya mwamba. Moja tu. Pana, la polepole. Likafika ufuoni, likamgusa Nyani magoti. Ilikuwa hodi ya kujibu.

Bwana Kiboko alikuja kwa kutembea chini kwa chini. Juu ya maji uliona matundu mawili ya pua na macho mawili, na maji nyuma yake hayakukunjika kuliko shuka iliyotandikwa. Akafika kwenye kisiki, akaingiza pua chini ya kiota, akakinyanyua kama mama anavyonyanyua sufuria ya uji, bila kumwaga. Akatembea nacho hadi kwenye matete. Akakiweka. Mama Bata akasimama, akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Akakaa tena, na hapo ndipo akalia.

Kiboko akatazama watu wote ufuoni. Wote wakatazama chini. Akauliza ni nani aliyembishia. Ngiri, rafiki mwema, akamsukuma Nyani mbele kwa pua.

"Wewe?" akasema Kiboko. "Mwaka mzima watu wa upande huu wananiogopa, hawanibishii mpaka mambo yaharibike. Leo nimebishiwa kama mtu." Akageuka kuondoka. Kisha akakumbuka kuuliza kelele zile za kwanza zilikuwa nini, maana zilimfikia kama uji tu, hakuelewa hata neno. Nyani akasema zilikuwa zake pia.

Mchana ule ule mayai yakapasuka. Tii, tii, tii, vifaranga sita, wamelowa, wabaya wa sura kama watoto wote wa siku ya kwanza. Jioni mama yao akawaingiza majini. Nyani alikuwa amekaa peke yake ukingoni, miguu ndani ya maji, bado ana haya. Watu walidhani anaumwa.

Kitu kikamtekenya kidole cha mguu. Kiwimbi. Kidogo mno, chepesi. Kikaja kingine. Na kingine, kwa nafasi, polepole. Akainua macho. Kule kwenye matete vifaranga sita walikuwa wamejipanga mstari, wanapiga maji kwa vijiguu vyao, na mama yao anawahesabia. Hawakuwa wanamjia. Walikuwa wanambishia hodi tu.

Nyani akaweka kiganja kimoja majini, taratibu kabisa, akaitikia.

Haya. Ngano hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba wimbi linabeba habari, halibebi mzigo. Ukilemewa, usipige maji kwa hasira ukidhani mzigo utasogea wenyewe. Tulia, tuma habari yako vizuri kwa mwenye uwezo, naye atakuja kwa miguu yake. Na wewe uliyepelekewa habari, inuka.

Na kandambili yangu? Niliogopa kumwita kaka, kwa sababu bwawani nilikuwa nimekatazwa. Nikarusha mawe mpaka mchana. Mwishowe nikamwita, kwa sauti ya chini. Akaja, akakunja suruali, akaingia, akaichukua. Maji yalimfika magotini.

Ngano yangu imegusa ukingo, na hapo imetulia. Anayetaka nyingine, abishe hodi. Polepole.